Kuifuata Vita ya Majimaji: kutoka Matumbi mpaka Songea

Jumamosi, Kilwa Kivinje

Wakuu, hatimaye nimeanza ile safari niliyokua naisemea kila siku. Nataka nipite zilipopiganwa vita za Majimaji, zile za 1905 mpaka 1907 dhidi ya Mjerumani, na nizipite kwa mpangilio wa vita yenyewe, palipoanza kwanza alafu palipofuata, maana shuleni tulipewa aya mbili tu, watu wakapewa maji wakaambiwa risasi haziwaingii, wakaenda wakafa, basi, swali la mtihani likaja na majibu matano. Mimi hiyo habari ya kwamba babu zetu walidanganywa tu sijawahi kuikubali na nataka niwaoneshe kwanini.

Tumetoka Mbagala alfajiri, Rufiji tukaivuka kwenye daraja la Mkapa watu wengi kwenye basi wamelala, nikashukia Nangurukuru nikachukua boda mpaka Kivinje. Mji umechoka lakini una heshima yake, nyumba za zamani zimebaki kuta na milango, boma la Mjerumani linaangalia bahari, mitumbwi imepaki matopeni maji yakiwa yamekupwa.

Nimeanzia Kivinje kwa sababu ya Mwembe Kinyonga. Hapo ndo aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Majimaji. Watu wa Kilwa walishapigana. Abushiri na Bwana Heri walipigana huko pwani ya kaskazini 1888 na 1889, Mkwawa akawasumbua kuanzia Lugalo 1891 mpaka alipojiua 1898, wote wanaume kwelikweli, ila kila mmoja alipigana kivyake, na Mjerumani akawamaliza mmoja mmoja kwa nafasi yake. Mtu aliyekua na miaka ishirini mwaka 1905 haya yote aliyasikia akikua. Kwahiyo shida ilikua inajulikana, ilikua ni namna gani watu wasiojuana, lugha tofauti, wengine walishawahi kuuzana utumwani, wasimame siku moja upande mmoja. Shikeni hilo, nitalirudia.

Jumapili, Nandete

Leo vumbi. Kutoka barabara kuu unaingia Njia Nne unapanda kuelekea Kipatimu, milima ya Matumbi inaanza taratibu alafu ghafla uko juu, bonde kushoto bonde kulia, minazi imeisha imebaki minyonyo na mikorosho na mashamba ya mteremkoni ambayo sijui wanayalimaje bila kuporomoka.

Nandete ndo penyewe. Kuna mnara wa kumbukumbu. Mwisho wa Julai 1905 hapa watu walienda kwenye shamba la pamba la serikali waking'oa miche, na majina ya waliotangulia yapo, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Walichagua pamba kwa sababu pamba ndo ilikua serikali yenyewe. Kodi ya kibanda ilianza 1898, rupia tatu, alafu 1902 gavana Götzen akaleta mashamba ya pamba ya pamoja, kila jumbe awe na shamba na watu wake walime, siku 28 kwa mwaka kwa hesabu ya makaratasi, ila ukisikiliza masimulizi ya wazee waliohojiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar mwaka 1968 hizo siku 28 hazikuwepo, mtu alikua anapelekwa shamba la akida, yule mtumishi wa Mjerumani aliyewasimamia majumbe, wakati shamba lake mwenyewe linaliwa na nguruwe, na ukichelewa ni hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya makalio mbele ya mkeo na wanao. Uzaramo baada ya mwaka wa kwanza waliletewa malipo ya senti 35 kwa mtu. Senti 35 kwa msimu mzima! Wakazikataa.

Sasa nilichokipenda Nandete ni jinsi tendo lenyewe lilivyokua na akili. Kung'oa pamba ni tangazo, ilikua ni kumwambia akida wa Kibata njoo. Na mambo yakaenda haraka sana, ndani ya siku chache Kibata imezingirwa, akida kakimbilia pwani, mlowezi wa Kijerumani kauawa huku milimani, Samanga kule baharini maduka yamechomwa moto. Silaha zao magobore ya kushindilia, mishale, mikuki. Serikali ilikua imetegemea karibu kila kitu kwa maakida na askari wachache, kwahiyo wiki zile za mwanzo walikua hawana jibu.

Nimekaa na mzee mmoja barazani kwake, tumekunywa maji ya dafu, na cha kwanza alichonionesha sio mnara, ni njia. Akanyoosha fimbo, huku unatokea Kibata, huku Ngarambe, kule pango la Nang'oma ambako watu walijificha Wajerumani waliporudi na hasira. Anaijua milima kwa njia zake za miguu. Nilipomuuliza kuhusu maji akanyamaza kidogo akasema maji yalikua kiapo kwanza, dawa baadae.

Jumatatu, Mohoro

Ngarambe kwenyewe sijafika, ni ndani sana kuelekea porini na usafiri wa uhakika sijaupata, nimeshuka Mohoro.

Kinjikitile Ngwale alikua Ngarambe. Mwaka 1904 inasimuliwa alichukuliwa na pepo aitwae Hongo akazama kwenye bwawa la mto, ndugu zake wakamtafuta wakamkosa, kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Baada ya hapo watu wakaanza kumiminika, Wamatumbi, Wandengereko, Wangindo, makundi kwa makundi, wanapewa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Habari ikasambaa kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, wenyewe waliita jujila au njwiyila, na serikali ikaona misafara ya watu wanaoenda kwa mganga ikadhani ni mambo ya uganga tu.

Na hapa ndo nawarudisha pale Kivinje. Mgindo na Mmatumbi waliokunywa dawa moja wamekua kitu kimoja, na huwezi kumgeuka mwenzio uliyekunywa nae. Hapo awali hakuna chifu aliyekua na uwezo wa kuwaunganisha hao watu, maana wengi wao hawakua hata na machifu wakubwa, ni koo na majumbe. Kinjikitile aliwapa kitu ambacho kila ukoo ungeweza kukipokea bila kuwa chini ya ukoo mwingine. Huo ni uongozi wa hali ya juu, bwana, na alikua akiwaambia wasubiri, wasianze mpaka atoe amri. Wamatumbi wakachoka kusubiri.

Tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa hapa Mohoro, vita ina wiki moja hata haijajulikana ni vita. Inasimuliwa aliwaambia haina maana kumuua kwa sababu dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Nimesimama pale sokoni Mohoro, watu wanauza samaki wa mtoni na machungwa, nikawa najiuliza maswali ya kijeshi tu: ukimuua kiongozi mapema hivyo na vita ndo kwanza inakua, maana yake vita haikua yake peke yake. Siku kumi baadae, tarehe 14, askofu Cassian Spiss na wamisionari wanne waliokua nae wanauawa njiani kuelekea Liwale. Boma la Liwale lenyewe likaangushwa na Wangindo katikati ya mwezi huohuo. Nyangao, Lukuledi, Masasi, misheni zinawaka moja baada ya nyingine. Gavana Dar es Salaam ana manowari ya Bussard anatuma mabaharia wake Kilwa na Samanga huku anaandika Berlin kuomba msaada. Mwezi mmoja tu tangu miche ing'olewe.

Jumanne, njiani

Kurudi Dar, kulala, kuondoka. Kutoka Kilwa kwenda Mahenge kwa gari hakuna njia ya mkato, katikati ni pori lote lile lililokua Selous na sasa sehemu kubwa ni hifadhi ya Nyerere. Wao mwaka 1905 walikatiza humohumo kwa miguu na dawa kwenye vibuyu.

Jumatano na Alhamisi, Mahenge

Morogoro, Mikumi, Kidatu, Ifakara, daraja la Magufuli juu ya Kilombero, alafu mlima. Baridi! Sikutegemea baridi hii Mkoa wa Morogoro.

Mahenge nimekaa siku mbili kwa sababu hapa ndo naona vita iligeuka mara ya kwanza na nilitaka nielewe ardhi. Boma lilikua juu, mteremko wazi pande zote, ukisimama juu unaona kila kinachokuja. Kapteni von Hassel alikua na askari wasiozidi mia, rashasha mbili, na mamia ya watu wa Kiwanga, mtwa yaani chifu wa Wabena wa Kilombero ambaye alichagua upande wa Mjerumani. Upande wa pili ni Wapogoro, Wambunga, na wengine waliotoka mashariki, maelfu.

Tarehe 30 Agosti 1905 asubuhi. Mpango ulikua ni kushambulia kutoka pande zote kwa pamoja, na huo mpango ulikua sahihi kabisa, rashasha mbili haziwezi kuangalia kila upande. Tatizo ni kwamba makundi hayakufika pamoja. Kundi moja lilitokea kwanza, zaidi ya watu elfu, likaja kwa mpangilio. Wamisionari waliokua ndani ya boma waliandika walichokiona, risasi zinapigwa safu zinapungua na waliobaki wanaendelea kutembea kwa utaratibu, kama robo saa hivi, wanasogea tu. Robo saa. Nimeweka saa kwenye simu nikashuka mteremko taratibu kisha nikapanda kwa hatua za mtu aliebeba mkuki ili nijue robo saa kwenye ile nyasi ni muda gani, na wandugu, ni muda mrefu mno, unaweza kufikiri mambo mengi, unaweza kugeuka mara kumi. Hawakugeuka mpaka waliposogea kabisa ndo safu zikavunjika. Na wakati huo ndo kundi la pili la watu kama 1,200 likatokea upande mwingine, wakakimbia kuingia kwenye moto uleule, baadhi walifika hatua tatu kutoka kwa askari wanaofyatua ndo wakaanguka.

Hatua tatu.

Kama makundi yale mawili yangefika kwa wakati mmoja, boma la Mahenge linaanguka kama Liwale lilivyoanguka, na Iringa inakua wazi. Ndo maana nasema msiniambie ni ujinga wa maji. Kilichowaangusha ni mawasiliano, makundi mawili yanayotembea milimani bila saa wala redio, na bunduki inayofanya kazi ya watu mia. Mtu hatembei robo saa mbele ya risasi huku wenzie wanaanguka kwa sababu anaamini risasi ni maji, alishaona sio maji dakika ya kwanza. Alikua ameamua.

Boma lilizingirwa mpaka kapteni Nigmann akashuka kutoka Iringa mwishoni mwa Septemba kuliokoa, akiwa na Wahehe miongoni mwa watu wake. Hili linauma kulisema. Uhehe hawakuingia Majimaji, walikua wamevunjwa miaka saba tu nyuma na bado majeraha mabichi.

Ijumaa, Yakobi

Tumepanda treni ya TAZARA Ifakara usiku, inapita Mlimba alafu inaanza kupanda kwenye mahandaki mpaka unachoka kuhesabu, asubuhi tuko Makambako ukungu mtupu, nikapata Noah ya Njombe na kutoka pale ni karibu.

Yakobi ni misheni ya Kilutheri. Tarehe 19 Septemba 1905 Wabena wa chifu Mbeyela walishambulia hapa, mmisionari Gröschel na watu wake wakazuia wakiwa ndani ya jengo. Sitakaa sana hapa, ilikua ni mwisho wa vita kuelekea upande huu, baada ya Yakobi moto haukuvuka tena kwenda mbele.

Jumamosi, Songea

Jamani Songea. Makumbusho yapo mtaa unaoitwa nao Mahenge, utawasikia makonda wanautaja. Ukiingia unakuta sanamu za manduna, viongozi wa vita wa Wangoni, na nje kaburi la pamoja la mashujaa na kaburi la nduna Songea Mbano peke yake pembeni.

Ungoni ulikua na falme mbili, Njelu kwa Nkosi (mfalme) Mputa Gama na Mshope kwa Nkosi Chabruma. Wangoni sio Wamatumbi, wao ni watu wa jeshi kwa asili, wana manduna na vikosi, na hawakuhitaji mtu awafundishe kupigana. Waliipokea dawa iliyoletwa na Kinjala kutoka upande wa Ungindo. Kule Kitanda alikuwepo nduna mwanamke, Mkomanile, aliyeshiriki kuieneza, na ndo mwanamke anayetajwa katika walionyongwa. Nimekaa mbele ya jina lake muda mrefu kuliko majina mengine, vitabu vyetu vimempa mstari mmoja kama amepata bahati.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1905 Nigmann aliyekua ametoka Mahenge aliwavamia Wangoni kambini Uwereka, maelfu wamelala. Wakatawanyika, inasemekana wakikimbia walikua wanapiga kelele kwamba maji ni uongo. Wanaoandika huwa wanaishia hapo, tuone, imani imekufa vita imeisha. Lakini vita haikuisha! Ilibadilika. Wangoni waliacha kuja kwa makundi makubwa wakaanza kupiga kwa vikundi vidogo na kupotea msituni, na huko Liwale Abdalla Mapanda aliendelea hivyohivyo mpaka Januari 1907 alipouawa. Kama shida ingekua ni maji tu, kwanini walipigana mwaka mzima na zaidi baada ya kujua hayafanyi kazi?

Mputa Gama alikamatwa. Tarehe 27 Februari 1906 alinyongwa hapa na wenzake makumi kadhaa siku moja. Songea Mbano inasimuliwa Wajerumani walitaka kumwacha hai, yeye akakataa kubaki wakati wenzake wamekufa, wakamnyonga siku chache baadae. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Familia bado inakiulizia. Rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja hapa tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na wajukuu, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta.

Jumapili, Peramiho

Leo nimepanda boda mpaka Peramiho, misheni iliyochomwa Septemba 1905 ikajengwa upya, sasa hivi kuna abasia na hospitali kubwa. Ila nilichokuja kukiona ni mashamba. Njia nzima mahindi yamekauka yanasubiri kuvunwa, mengine yameshavunwa yapo kwenye magunia barazani, mtoto kakaa juu ya gunia anakula hindi la kuchoma. Ruvuma ni ghala la nchi, mnajua wenyewe.

Sasa fikiria haya yote yanachomwa. Kapteni Wangenheim aliandika kwa wakubwa wake kwamba silaha peke yake ni tone tu baharini, kinachoweza kuwafanya hawa watu wasalimu amri ni njaa na dhiki. Hicho ndo kilichofanyika kuanzia mwisho wa 1905. Askari na rugaruga, wapiganaji wa Kiafrika waliowasaidia Wajerumani, walipita kijiji kwa kijiji, vihenge vya nafaka vinachomwa, mifugo inachukuliwa, walioko porini hawawezi kupanda mvua zinapokuja. Mtu ukimkosa kwa risasi unamsubiri ale nini. Chabruma akavuka Ruvuma na watu wake akaingia Msumbiji na akauawa hukohuko.

Wajerumani wenyewe walisema waliokufa ni 75,000. Wanahistoria waliokusanya masimulizi baadae wanataja 250,000 mpaka 300,000, na wengi wao hawakufa kwa rashasha, walikufa kwa njaa, wazee na watoto na wajawazito, mpaka 1907. Upande wa pili walikufa Wazungu 15 na askari weusi 389. Kwangu mimi hapa ndo vita iligeuka mara ya pili na ya mwisho, kwenye vihenge, zaidi ya Mahenge, zaidi ya Uwereka. Vijiji vikawa vitupu, pori likarudi, mbung'o wakarudi na pori, na sehemu kubwa ya ile ardhi ya Wangindo ndo baadae ikaitwa hifadhi ya wanyama na sisi tukakua tunaamini haijawahi kukaa watu.

Pamba ya lazima ya pamoja walifuta. Gavana mpya Rechenberg alikuja 1906 akaiacha, kila mtu alime chake. Na Nyerere aliposimama Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kudai uhuru, Majimaji aliitaja, akawaambia wale watu walipigana kwa sababu hawakuamini Mzungu ana haki ya kuwatawala. Miaka mitano baadae bendera ikapanda.

Sehemu ambayo sijaifikia ni Liwale na Kitanda, zote mbili nataka nizifanye kabla mvua hazijaanza, Kitanda kwa ajili ya Mkomanile. Mwenye ndugu Namtumbo anayeweza kunielekeza kwa wazee wa kule aseme. Na mwenye nafasi Februari, kumbukumbu ya Songea ni tarehe 27 kila mwaka, gesti zinajaa mapema.